KAMERA NI CHOMBO, AMANA NDIYO MTAJI

(Mazungumzo na vijana katika mwezi wa Ramadhan, kuhusu kujiajiri kwa kazi ya picha za biashara)



Ndugu zangu vijana, dada zangu, wazazi wetu mlioketi nyuma huko mkisikiliza kwa makini kuliko vijana wenyewe, na wewe msomaji unayeyasoma haya nyumbani ukingojea adhana ya Magharibi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya upigaji picha, na hasa vipi kijana anaweza kusimama mwenyewe katika kazi hii bila kuajiriwa na mtu. Kabla sijaanza, najua kuna swali linalowasha ndimi: hukumu ya picha ni ipi? Hilo, ndugu zangu, lina wenyewe. Maulamaa wamelizungumza na wakatofautiana, kwa hivyo muulize sheikh wako unayemwamini. Mimi nazungumza na yule ambaye tayari ameshika kamera, au anataka kuishika, na anataka chakula atakachoweka mezani kiwe cha halali na kitoshe.

Nina neno moja tu, na mengine yote yanalizunguka hilo. Watu hudhani kazi hii ni kamera. Sivyo. Kamera ni chombo, kama jembe kwa mkulima. Kinachokuweka mjini ni amana: bei uliyoitaja, siku uliyoahidi, picha za watu ulizozihifadhi, na yote hayo yawe yameandikwa. Vijana wengi wenye jicho zuri wameiacha kazi hii si kwa sababu hawajui kupiga picha. Waliiacha kwa sababu hawakuandika.

PICHA ZA BIASHARA NI ZIPI?

Harusi, akika, mahafali, hizo ni picha za ukumbusho. Mwenyewe anazilipia azitazame na aziweke. Picha za biashara ni zile ambazo anayelipa anataka zimsaidie kuuza. Hoteli ya Diani au Watamu inataka vyumba na bwawa. Mkahawa unataka biriani na samaki wa kupaka kwa ajili ya menyu. Mama anayeuza mabuibui na mitandio kupitia WhatsApp anataka nguo ionekane rangi yake ya kweli. Mwenye nyumba za kupangisha wageni, mwenye duka la fanicha, shule inayochapisha kitabu cha mwaka, shirika linaloandika ripoti kwa wafadhili, wote hao ni wateja.

Na tofauti yake ni kubwa. Harusi ya mtu ni moja, inshaallah. Lakini mkahawa hubadilisha menyu, duka huleta mzigo mpya, hoteli hukarabati vyumba. Mteja wa biashara ukimridhisha atarudi. Ukipata wateja sita wanaorudi, una kazi.

WALIOTUTANGULIA

Kuna wanaosema hii ni kazi ya wazungu au ya watoto waliokosa la kufanya. Hebu tazama historia yetu wenyewe. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, na studio yake ikajulikana kwa picha alizoziunganisha kwa ufundi wa mikono kabla hatujasikia kompyuta. Mombasa ilikuwepo studio ya Parekh, ambayo familia nyingi za mji huu ziliingia na nguo zao za Idd. Na wale wapiga picha wa feri ya Likoni, wenye vibanda vya mapazia yaliyochorwa, nani mtu mzima hapa hawakumbuki?

Na yuko Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Mwaka 1963, akiwa kijana wa takriban miaka 20, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam, baadaye akahamia Nairobi. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia alizozipiga mwaka 1984, zilizowatoa watu machozi na pesa katika nchi nyingi. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Mola amrehemu.

Lakini wengi hawatazami upande wa pili wa mtu huyu. Alikuwa mfanyabiashara. Picha zake hazikuishia gazetini siku moja zikafungia maandazi kesho yake. Alizihifadhi, akazipanga, akatoa vitabu, kikiwemo kitabu cha picha za Hija mwaka 1978. Maktaba ya picha zake ilibaki baada yake. Picha moja, ukiitunza na ukajua ni ya nani, inaweza kukulisha zaidi ya mara moja.

Nao wale wa Likoni wanatufunza jambo la pili. Simu zenye kamera zilipoingia mikononi mwa kila mtu, nani angelipia picha ya kusimama mbele ya pazia? Kwa hivyo usijenge maisha yako juu ya picha ambayo mteja anaweza kuipiga mwenyewe kwa simu. Jenga juu ya ile inayomshinda.

ANZA NA ULICHO NACHO

Kijana ataniambia, "Sina kamera ya laki mbili." Sawa. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji takriban nukta 2,480 kwa 3,508, yaani chini ya megapikseli 9. Kamera iliyotumika ya miaka kumi nyuma inazipita hizo. Kwa menyu na kwa mitandao inatosha kabisa.

Usichukue mkopo wa riba kununua lenzi. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kodisha lenzi siku una kazi, ongeza gharama hiyo katika bei ya mteja, na ununue kazi zikishaonyesha kwamba unaihitaji.

Soma mwanga kwanza. Weka sahani ya chakula karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, na upande wa pili simamisha karatasi ya manila nyeupe iurudishe mwanga kwenye kivuli. Zima taa ya dari, kwa sababu rangi yake na rangi ya jua hazipatani, na wali utaonekana wa manjano bila zafarani. Kwa chumba cha hoteli weka kamera juu ya mguu wake wa matatu, usawa wa kifua, na uhakikishe kuta zimesimama wima, haziinami kama mnazi wa Kusi. Karatasi ya manila, dirisha na subira, hiyo ndiyo studio ya mwanzo.

Kisha jitengenezee picha 15, si 150, za aina ya kazi unayoitaka. Ukitaka kazi za mikahawa, usimwonyeshe mwenye mkahawa picha za bibi harusi. Mwombe mama yako apike, jirani akuazime sahani nzuri, upige. Mteja hakuulizi ulisomea wapi. Anataka kuona kama umeshafanya kitu kinachofanana na chake.

KIZURI CHAJIUZA?

Tumezoea kusema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi hii, ndugu zangu, hata kizuri lazima kitembezwe. Andika majina 20 ya biashara zilizo karibu nawe. Tazama picha wanazotumia sasa. Nenda kwa mwenyewe au meneja, saa ambayo hana wateja, na usimwambie picha zake ni mbaya. Mwambie, "Naona mmebadilisha viti lakini picha zenu bado ni za viti vya zamani." Hapo umeongea biashara.

Jua na misimu. Hapa pwani wageni hupungua baina ya Aprili na Juni. Wengi hulala. Lakini huo ndio wakati vyumba viko wazi, meneja ana nafasi ya kukusikiliza, na anataka picha mpya kabla ya msimu wa Julai na Agosti. Mvua ikikatika siku mbili, wewe uwe tayari. Hali kadhalika Ramadhan: harusi hakuna, lakini maduka ya nguo na waoka keki wanataka picha za Idd kabla ya kumi la mwisho.

Na kama kuna kazi ambazo dini yako haikuruhusu, mfano hoteli ikutake upige baa na vinywaji vyake, sema siku ya mapatano, kwa adabu, na uiandike katika bei uliyopeleka. Usingoje uwe umeshafika na kamera shingoni ndipo uanze kukunja uso. Mteja hakasirishwi na msimamo. Hukasirishwa na kushtukizwa.

BEI: KAA CHINI NA KALAMU

Hapa ndipo wengi tunapozama. Kijana huuliza mwenzake anatoza ngapi, kisha anapunguza kidogo. Hiyo si bei, hiyo ni kubahatisha. Hebu tupige hesabu pamoja.

Tuseme kamera, lenzi, taa na kompyuta vimekugharimu shilingi 216,000 na vitakufaa miaka 3. Gawanya kwa miezi 36, kila mwezi vyombo vinakula shilingi 6,000. Nauli, bando, umeme na matengenezo, shilingi 10,000. Mahitaji yako na ya nyumbani, 40,000. Akiba ya siku ya kuumwa au kamera kuanguka, 8,000. Jumla ni shilingi 64,000.

Sasa, siku za malipo kwa mwezi ni ngapi? Si 30. Kila siku ya kupiga ina siku moja au mbili za kuhariri, na nyingine za kutafuta kazi na kudai pesa zako. Tuseme ni siku 8. Gawanya 64,000 kwa 8, unapata shilingi 8,000. Hiyo ndiyo sakafu yako. Chini ya hapo unamlipia mteja kazi yake kutoka mfukoni mwa mama yako.

Kijana akikubali shilingi 3,000 kwa siku, siku zile 8 zitampa 24,000. Toa 16,000 za vyombo na gharama. Amebakiwa na 8,000 mwezi mzima. Halafu nyumbani wanasema, "Kazi ya picha haina faida." Kazi ina faida. Haikupigwa hesabu.

Na kuna yule mteja wa "tufanyie bure, tutakutaja kwenye ukurasa wetu." Mjibu kwa upole tu: duka halipokei kutajwa badala ya kodi. Ukitaka kusaidia, saidia madrasa au mayatima, na hapo usichukue hata nauli. Sadaka iwe sadaka, na biashara iwe biashara. Tukizichanganya, zote mbili huharibika.

KUANDIKIANA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Waislamu ndio tuliofaa kuwa wa kwanza katika hili, kwa maana aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Lakini ndio sisi tunaoambiana, "Aa, sisi ni ndugu, hamna haja ya karatasi." Baada ya miezi miwili hatusalimiani msikitini.

Sikilizeni jambo hili kwa makini, maana wapiga picha wengi hawalijui. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa kama makubaliano yenu yanasema vingine. Umefahamu? Katika nchi nyingine mpiga picha hubaki na haki mpaka aiuze. Kwetu, ukinyamaza, imekwenda. Na hakimiliki ya picha hudumu miaka 50. Hoteli uliyoipigia picha za kijitabu kidogo yaweza kuziweka katika bango la barabara kuu, na wewe ukipita ndani ya matatu ukazitazama tu kupitia dirishani. Huna la kudai, kwa sababu hukuandika mstari mmoja.

Basi mstari wenyewe ni huu, uweke katika kila mapatano: "Hakimiliki ya picha inabaki kwa mpiga picha. Mteja ameruhusiwa kuzitumia mahali fulani, kwa muda fulani." Halafu utaje: tovuti na mitandao yake, mwaka mmoja; au menyu; au mabango, nchi nzima, miaka miwili. Bango linamletea mteja faida zaidi kuliko menyu, kwa hivyo bei yake ni nyingine. Mteja akitaka haki zote, hakuna ubaya, mwuzie, lakini ajue ananunua nyumba, hapangi chumba.

Mengine ya kuandika ni mepesi. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, picha ngapi zilizohaririwa, lini utazipeleka, marekebisho mangapi, bei ngapi, na nani analipia nauli na malazi ukiitwa Lamu. Chukua arbuni ya nusu kabla ya siku ya kazi, na nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi faili zenye ukubwa kamili. Mwandikie pia kama kazi ikivunjwa arbuni inarudi au hairudi, maana mambo haya yakiachwa kimya ndiyo huzua ugomvi. Hata ujumbe wa WhatsApp wenye maneno hayo, naye akajibu "nimekubali", ni bora mara mia kuliko kupeana mikono.

Na ukitaka kazi za kampuni kubwa, usiwe mtu wa mfukoni. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA, leseni ya kaunti, na ujue kutoa ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, kampuni inayokulipa inahitaji ankara hiyo ili gharama yako ikubaliwe katika hesabu zake za kodi. Kijana aliye na ankara hupewa kazi, na mwenye kipaji zaidi asiye nayo huachwa. Na ukinunua droni, pata kwanza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Usiirushe juu ya ufuo kama tiara.

SURA ZA WATU NI AMANA

Sasa nafika kwenye lililo zito kuliko yote. Pesa ikipotea hutafutwa. Heshima ya mtu ikipotea haitafutiki.

Mtu aliyesimama mbele ya kamera yako amekupa sura yake kwa kazi moja. Hukupewa ruhusa ya kuitangazia biashara yako, wala kuiuza kwingine. Kwa picha za biashara, kila anayeonekana atie sahihi fomu ya idhini inayosema picha itatumika wapi. Mtoto, mzazi wake atie. Mhudumu wa hoteli naye ni mtu, muulize. Mama mzee anayesuka makuti kijijini naye muulize vile vile, kwa lugha anayoifahamu, na akikataa, umshukuru na uende zako.

Na hili si suala la adabu peke yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya starehe jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Mteja wako anapokuuliza fomu za nini, mtajie takwimu hizo. Atakuheshimu.

Dada zangu, hapa mna mlango ambao sisi wanaume hatuwezi kuupita. Siku ya kupamba bibi harusi, shughuli za ndani za wanawake, duka la mabuibui linalotaka kuonyesha nguo ikivaliwa: kazi hizi zinahitaji mpiga picha mwanamke, mwenye ujuzi na mwenye siri. Familia italipa vizuri kwa mtu inayejua kwamba picha za binti yao hazitaonekana kwenye simu ya shemeji wa jirani. Lakini siri hiyo lazima iwe na utaratibu. Picha za ndani zisiwekwe mtandaoni hata moja. Kompyuta iwe na neno la siri. Ikiharibika, toa diski kabla ya kuipeleka kwa fundi. Na mwandikiane utazifuta lini.

Upande wa kutunza, weka nakala tatu: mbili katika vyombo tofauti, na ya tatu nje ya nyumba yako. Nyumba huungua, mikoba huibwa. Kadi ya kamera usiifute mpaka mteja aseme amepokea.

KWA WAZAZI

Wazazi wetu, neno fupi kwenu. Mtoto akisema anataka kazi ya picha, msimwambie atafute kazi ya maana. Mwulizeni maswali ya maana: Una wateja wangapi wanaorudi? Daftari lako liko wapi? Umeweka akiba ngapi? Akiwa na majibu, muombeeni dua na mumsaidie. Asipokuwa nayo, mpeni miezi sita ayatafute. Hilo litamfaa kuliko ugomvi, na huenda likamfaa kuliko kamera mpya.

MWISHO

Kijana wangu, baina ya leo na Idd fanya mambo manne. Piga hesabu ya bei yako kwa kalamu. Andika ukurasa wako mmoja wa mapatano, wenye ule mstari wa hakimiliki. Kamilisha picha zako 15. Kisha toka, uzungumze na biashara tatu za mtaa wako. Siyo ishirini, tatu tu.

Usingoje mwezi uandame ndipo uanze. Saumu imeshatufunza kwamba kazi hufanywa hata pale ambapo hakuna jicho la mtu linalotutazama. Kazi ya picha nayo iko hivyo hivyo. Watu wataiona picha. Faili uliyoifuta, siri uliyoiweka, bei ya kweli uliyoitaja, hawataziona. Lakini ndizo zitakazowafanya wakuite tena.

Mwenyezi Mungu awabarikie vijana wetu katika riziki zao, azikubali saumu zetu, na atufikishe Idd kwa afya na salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.